Mgongo wa Leland Wathen

Watu wengi wa kaunti yetu waliomsikia Leland Wathen akipiga gitaa la umeme hawakuwahi kuona vidole vyake. Walichokijua ni mgongo wake. Walilijua shati la bluu lililoloa jasho katikati ya mabega, na shingo iliyoungua jua. Ilipofika zamu yake ya kupiga peke yake aligeuka akatazama ukuta, na ukumbi mzima wa zimamoto, tulikopiga dansi, ukabaki kuangalia kisogo huku gitaa likilia.

Mimi nilipiga gitaa la besi kando yake miaka ishirini na sita.

Alizaliwa mwaka 1941 kwenye shamba la tumbaku, upande huu wa mto Patuxent, kusini mwa Maryland. Baba yake alikuwa na mfanyakazi mweusi, Ignatius Somerville, ambaye msimu wa baridi, walipokuwa banini, ghala la kukaushia tumbaku, wakichambua majani makavu, alipiga gitaa wakati wa mapumziko ya chakula. Leland alikula haraka ili asikilize. Muziki wa kantri aliupata redioni na wa bluzi aliupata banini, na hakuona sababu ya kuitenganisha.

Alifunga uzi mwembamba wa banjo mahali pa uzi wa kwanza, nyuzi nyingine akazisogeza nafasi moja moja, ule mnene akautupa. Nyuzi zikawa laini. Aliweza kushika tatu kwa pamoja, akauvuta mmoja sauti yake ipande na mbili zikae palepale, na wakati huohuo kidole kidogo cha mkono wa kulia kinazungusha kitufe cha sauti taratibu, hata ukadhani kuna mtu anaimba chumba cha pili na mlango unafunguliwa polepole.

Mwaka 1962 alikwenda kwenye mashindano Washington, akashinda. Baadaye mpigaji mmoja wa mjini akamfuata, akamsifu sana, akamwomba amwonyeshe anavyofanya. Leland alilelewa kwa heshima. Alimwonyesha mara tatu, polepole. Miezi michache ikapita, yuko njiani na gari lake la kazi, akasikia redioni upigaji wake wote, kidole kwa kidole, na jina la mtu mwingine likitajwa. Alisimamisha gari kando ya barabara akasikiliza mpaka mwisho. Jina la yule mtu hakulitamka hata mara moja mbele yetu, lakini tangu siku hiyo akaanza kugeuza mgongo.

Vijana wenye magitaa walikuja kutoka mbali, hata Pennsylvania, wakakaa mstari wa mbele. Skeets Bowling, mpiga ngoma wetu, aliwachokoza kwenye maikrofoni.

"Jamani, mmelipa dola tatu mje kuangalia makalio ya Leland? Mngeniambia, ningewaletea picha."

Watu walicheka. Leland naye alicheka, lakini hakugeuka. Akiona mtu ameweka kinasa sauti mezani aliacha kupiga palepale.

"Zima hicho kidude, bwana, au nikachukue koti langu niende."

"Mzee, ni kwa ajili ya nyumbani tu."

"Nyumbani kwako kuna redio. Washa hiyo."

Kwa hiyo hakuna kanda. Aliitwa mara mbili kwenda Nashville kurekodi, na mara zote mbili alijibu kwamba ana majokofu ya kutengeneza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mchana.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye bendi niliangalia mkono wake wa kushoto kidogo. Aliona. Tulipokuwa tunabeba spika kwenda kwenye gari aliniambia, bila ukali, "Norris, wewe angalia mguu wa Skeets. Besi na ngoma ndio ndugu." Mimi si mtu wa kubishana. Niliangalia mguu wa Skeets kuanzia hapo, na watu walisema hakuna bendi iliyokuwa na mapigo imara kama yetu.

Mke wake, Verna, alifariki mwaka 1988 kwa kansa. Miezi sita baada ya mazishi Leland akaleta wimbo usio na maneno. Wa taratibu. Sehemu ya kwanza ilikuwa kantri tupu, unayoweza kumbembelezea mtoto. Katikati uligeuka bluzi, na hapo nimeona wanaume wakubwa, wavua kaa, wakitoka nje kuvuta sigara ili wasionekane nyuso. Tuliuita wa Verna. Kila Jumapili alasiri tulifunga dansi kwa wimbo huo.

Binti yao, Rhonda, alikuwa na miaka kumi na minne mama yake alipofariki. Leland alimfundisha gitaa, na alimfundisha vizuri. Ila wa Verna hakumfundisha. Akiupiga sebuleni, alimgeuzia mgongo hata yeye.

"Baba, mimi nitamwibia nani?"

"Utaupata, mwanangu. Subiri uive kidogo."

Rhonda alisubiri miaka kumi na moja.

Machi 1999 Leland alianguka nyuma ya jokofu la duka la samaki. Kiharusi. Alirudi nyumbani akiweza kusema, kwa shida, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama glavu. Hakuulizia kazi wala gari. Siku ya pili nyumbani alimtuma Rhonda aniite.

Nilimkuta kitini karibu na dirisha. Rhonda alikuwa amekaa mbele yake na gitaa.

"Norris," alisema. "Mwonyeshe wa Verna."

"Mimi?"

"Ulisimama kushoto kwangu. Wewe peke yako uliiona mikono yangu. Mwambie vidole vinakaa wapi pale katikati."

Rhonda alinitazama, uso umejaa matumaini. Nilitamani Skeets awepo anisemee.

"Leland, sikuangalia."

"Usinitanie."

"Uliniambia niangalie mguu wa Skeets."

Akaanza kucheka, upande mmoja tu wa mdomo. "Nimefukuza watu kaunti tatu," alisema. "Wote waliiba walichoweza. Na mmoja niliyemweka karibu ndiye aliyenitii." Kicheko kikabadilika, na Rhonda akainuka kumfuta uso.

Nilisema, "Si umweleze mwenyewe, kaka? Kichwa chako kizima."

"Kichwa hakikuwahi kujua. Vidole ndivyo vilivyojua."

Tulijaribu. Rhonda alisogeza kiti kando yake, wakashika gitaa moja watu wawili. Mkono wake wa kushoto kwenye shingo ya gitaa, mkono wa kulia wa baba yake kwenye nyuzi na kitufe. Nilikwenda kila siku baada ya kazi na besi yangu, nikawapigia sauti ya chini. Sehemu ya kwanza waliipata kufikia Mei. Ikafika katikati ikagoma. Kuimba kwa mdomo sote tuliweza, hata jirani angeweza. Lakini uzi upi unavutwa na upi unakaa, hakuna aliyejua.

"Juu kidogo," Leland alisema.

"Hapa?"

"Hapana. Rudi."

"Hapa, baba?"

"Sijui, mama. Sijui." Alimwita mama alipochoka.

Siku moja ya Agosti Rhonda aliiachia shingo ya gitaa kwa hasira. "Ungegeuka tu! Mara moja! Mimi si ndiye niliyekuwa nyuma yako?"

Leland alimtafuta kwa mkono ule mmoja mzima, akampata begani, akamshikilia pale. Walikaa hivyo mpaka nikaona aibu kuwepo, nikaenda jikoni.

Kiharusi cha pili kilimchukua wiki mbili kabla ya Krismasi.

Siku ya mazishi, baada ya kanisa, watu walikusanyika ukumbi wa zimamoto. Wanawake walikuwa wameleta paja la nguruwe lililojazwa kabichi na pilipili, kama kawaida yetu. Rhonda aliunganisha gitaa la baba yake, Skeets akachukua brashi za kupigia ngoma taratibu, nami nikasimama mahali pangu. Alipiga sehemu ya kwanza akiwatazama watu, vidole vyote vinaonekana, na aliipiga bila kosa. Vijana wa mstari wa mbele, ambao sasa wana mvi, hawakuyaondoa macho kwenye vidole hivyo.

Ilipofika katikati aliweka kiganja juu ya nyuzi akaacha kupiga.

Skeets hakuacha. Mimi sehemu yangu naijua mpaka mwisho, kwa hiyo nikaendelea. Besi tupu na brashi, polepole, na juu yake hakuna kitu. Nilipiga katikati yote nikimwachia Leland nafasi yake, nikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja alikohoa kule nyuma kwenye meza ya kahawa.

Rhonda alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, kama anayemsikiliza mtu aliye upande wa pili wa ukuta.

"Rudia, anko," alisema. "Pale katikati tu."

Nikarudia.