Kipa wa Kimuli na Kiti cha Mama Mkwe

Yustasi Kashaija wa Kimuli alijifunza kudaka akiwa kwenye zizi la baba yake, kabla hata hajaona mpira wa ngozi. Kwao walikuwa wafugaji. Asubuhi ng'ombe wanapokamuliwa, ndama hufungiwa kando, na lazima mtu asimame mlangoni kuwazuia wasiwakimbilie mama zao kabla watu hawajapata maziwa yao. Mtu huyo alikuwa Yustasi. Na ndama mwenye njaa hana adabu hata kidogo. Anakuonyesha kwamba anaenda kushoto, halafu huyo, kapita kulia. Yustasi akagundua kwamba ndama hudanganya kwa macho na kwa kichwa, lakini bega lake halijui uongo. Akawa anaangalia bega tu. Kwa miaka minane walimponyoka ndama wawili, na mmoja wao, alivyosema mwenyewe, ni kwa sababu alipiga chafya.

Mwaka 1978 vita vilipoanza kule mpakani, baba yake aliswaga ng'ombe wote mpaka Kituntu kwa ndugu zake. Huko vijana walikuwa wakicheza mpira uwanja wa kanisa. Yustasi alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, na kupiga mpira hakujua kabisa. Wakamweka golini, maana huko ndiko wanakowekwa wasiojua. Siku hiyo hakufungwa. Kesho yake hakufungwa. Jumapili ya tatu wenzake wakaanza kununa.

"Sasa huu ni mchezo gani?" wakamuuliza. "Achia hata moja, bwana, watu wafurahi!"

Hakuachia. Vita vilipokwisha akarudi Kimuli, akawa kipa wa kijiji. Mwaka 1983 akafunga ndoa kanisani na Kyarimpa, binti wa Kibingo, msichana mwenye maneno machache na kicheko kirefu. Ndoa ilikuwa njema, Mungu ashukuriwe. Tatizo, kama ni tatizo, alikuwa mama yake Kyarimpa.

Siyo kwamba mama huyo alikuwa mbaya. Natukunda alikuwa mjane mnene, mcheshi, asiyekosa misa. Lakini kwa desturi ya huko, mkwe mwanamume hatazami uso wa mama mkwe, wala mama mkwe hatazami wa mkwewe. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia migombani na mama anajifunika kitenge, kila mmoja anamngoja mwenzake apite. Siku moja walingojeana hivyo tangu saa nne mpaka saa saba mchana, kila mmoja kwa heshima zake, mpaka Kyarimpa akaja kuwatafuta. Walipokuwa na neno la lazima walimtuma mtu wa tatu. Mtu asipopatikana, waliongea na mgomba. Kwa miaka miwili Yustasi alichokuwa anakijua kwa mama mkwe wake ni visigino na kikohozi.

Mwaka 1985 ikaja habari kwamba timu moja ya Bukoba, iliyokuwa inacheza Ligi Daraja la Kwanza, inatafuta kipa. Kocha wake, aliyeitwa Gosbert, angekuja Kibingo Jumapili baada ya misa kuangalia mechi ya Kibingo na Kimuli. Yustasi hakula vizuri wiki nzima. Kudaka mpira na kulipwa mshahara! Alimwambia mke wake, "Nikikosa hii, Kyarimpa, nitazeeka mlangoni mwa zizi."

Nahodha wa Kibingo alikuwa Sibomana, fundi baiskeli, mtu wa hila nyingi. Alijua kwamba kwa njia ya kawaida Yustasi hafungiki. Basi Jumamosi akaenda kwa Natukunda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baiskeli ya nani imekufa leo?"

"Hakuna, mama. Tumekuja kukualika mpirani kesho. Tumekuwekea kiti cha heshima."

"Mpirani! Na mkwe wangu je?"

"Mkwe wako anaumwa homa, hachezi. Hukusikia?"

"Maskini! Nitamwombea misani," akasema Natukunda. Na kwa kuwa kiti cha heshima alikuwa hajawahi kukikalia, akakubali.

Siku ya mechi watu walijaa. Kiti kikawekwa hatua mbili tu kutoka mlingoti wa goli, upande wa kulia, na Natukunda akakaa juu yake na kitenge chake kipya. Timu zikaingia. Yustasi alikuja mbio kuelekea golini kwake, akipiga makofi kujipa moyo. Alipofika kwenye kumi na nane aliinua macho, akaona kile kiti na aliyekikalia.

Aligeuka palepale, akakimbilia migombani.

"Kipa wenu anaenda wapi?" watu wa Kibingo wakapiga kelele. "Ameitwa na tumbo!"

Refa akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Huku nyuma Natukunda naye alikuwa ameshajifunika kitenge kichwa mpaka miguu, amekaa kama chungu kilichofunikwa jani. Kuondoka angeondokaje? Nyuma yake watu wamebanana, mbele yake ni goli la mkwe wake.

Yustasi akarudi, lakini alirudi kinyumenyume. Akasimama golini mgongo wake umekielekea kile kiti, macho yote kushoto. Ya kushoto alidaka. Sibomana alipoona hivyo akaupeleka mpira kulia, ukaingia taratibu kama mgeni aliyekaribishwa. Dakika kumi baadaye, mwingine, kulekule. Mara mpira ukatoka nje ukasimama miguuni kwa Natukunda. Yustasi ndiye aliyetakiwa kuufuata, akabaki anaangalia mawingu. Natukunda akausukuma kwa kisigino, bila kufunua uso, ukaenda upande usiotakiwa.

"Kiti mbili, Kimuli bila!" wakaimba Kibingo.

Gosbert wa Bukoba aliangalia saa yake, akafunga daftari.

Wakati wa mapumziko Yustasi alikwenda kukaa nyuma ya migomba peke yake, akajiinamia. Hakusikia hatua, alisikia kile kikohozi. Akageuza mgongo haraka. Upande wa pili wa mgomba, Natukunda naye alikuwa amegeuza mgongo.

"Wewe mgomba," akaanza Natukunda, "mwambie mkwe wangu nimedanganywa. Niliambiwa ana homa. Nilimwombea na rozari nzima."

Yustasi akajibu, "Mgomba, mwambie mama simlaumu."

"Mgomba, yule kocha kutoka Bukoba ameondoka?"

"Mgomba, mwambie mama bado yupo, ila amefunga daftari."

Natukunda akasema, "Mgomba, niulizie. Kipa wa Kibingo ni nani?"

"Mgomba, mwambie mama ni Celestin."

"Celestin yupi? Yule aliyeleta posa mwezi uliopita kwa Placida, mwanangu wa mwisho?"

"Huyohuyo," akasema Yustasi, akasahau hata kumtaja mgomba.

"Na mshenga wake hakuwa Sibomana mwenyewe?" Natukunda akacheka chini chini mpaka majani yakatikisika. "Mungu anisamehe. Mgomba, mwambie mkwe wangu akadake."

Timu zilipobadilishana magoli, Sibomana akakimbilia kukihamishia kile kiti upande wa pili, kwenye goli jipya la Yustasi. Akakikuta hakipo. Natukunda alikuwa ameondoka nacho kichwani wakati wa mapumziko, na sasa alikuwa anarudi nacho polepole, akakiweka palepale kando ya goli la kwanza la Yustasi, ambalo sasa lilikuwa la Kibingo. Akakaa. Akatengeneza kitenge.

Celestin alikuwa anafunga kamba za viatu. Alipoinua kichwa, alitoka mbio kuliko Yustasi, maana Yustasi ameshaoa, yeye posa yake bado haijajibiwa.

"Sibomana!" alilia kutoka migombani. "Umenifanya nini, ndugu yangu?"

"Rudi golini!"

"Rudi wewe! Wewe hujaposa!"

Kufika dakika ya themanini ilikuwa mbili kwa mbili. Gosbert alifungua daftari tena, akasogea kukaa karibu na goli la Yustasi, kwani upande huu alianza kuona mambo: mpira wa juu ukadakwa, wa chini ukadakwa, kichwa cha karibu kabisa kikapanguliwa kwa ncha za vidole. Dakika ya mwisho refa akatoa penalti, na Sibomana mwenyewe akautenga mpira. Akaangalia kulia. Akatikisa kichwa kulia. Akakimbia kama anayekwenda kulia. Yustasi hakushughulika na macho wala kichwa, aliangalia bega, akaruka kushoto, akaukumbatia mpira kifuani kama mtoto.

Gosbert akamwita baada ya filimbi.

"Kijana, nimefundisha mpira miaka kumi na miwili. Kipindi cha kwanza sijaona kipa mbaya kama wewe. Cha pili sijaona mzuri kama wewe. Nieleze."

Yustasi akaeleza yote, macho chini. Gosbert akacheka mpaka akashika mlingoti.

"Bukoba una mama mkwe mwingine?"

"Hapana, waitu," akajibu kwa neno la heshima la kwao. "Nina huyu mmoja tu."

"Basi Jumatatu panda lori uje."

Akaenda, na Kyarimpa akamfuata. Alidaka Bukoba misimu tisa. Alicheza Mwanza, Tabora, mpaka Dar es Salaam, jina lake likatajwa redioni, na Natukunda alisikiliza kila mechi bila kitenge usoni, kwa kuwa sauti ya mtangazaji siyo uso wa mtu. Celestin naye alipewa Placida, baada ya kuapa kwamba hatasimama golini tena. Akawa anacheza beki.

Mwaka 1991 gazeti likatoa picha ya Yustasi. Kyarimpa aliipeleka Kibingo imekunjwa ndani ya bahasha, hajui kama mama anaruhusiwa kuiona. Wakamuuliza katekista. Katekista akaomba wiki moja ya kufikiri. Natukunda hakuweza kungoja, akaifungua kidogo kidogo, jicho moja limefumbwa, tayari kuifunika. Akakuta Yustasi ameruka hewani kuufuata mpira, uso wake umeelekea golini, na kinachoonekana ni mgongo na namba moja kubwa.

Akaibandika ukutani sebuleni. Wageni walipouliza huyo ni nani, alijibu bila kusita, "Mkwe wangu huyo. Si mnaona alivyo mzuri?"

Mgeni mmoja akathubutu kusema, "Lakini mama, hapa hatuoni uso."

"Uso mimi wa nini?" akajibu Natukunda. "Mgongo huo naujua vizuri kuliko uso wa mtu yeyote. Kaa, nikupe rubisi ya ndizi."