Kitambaa cha Ayyad

Kwa miaka ishirini na sita Ayyad alichochea moto wa hamamu moja, nyumba ya kuogea ya mvuke, mjini Marrakesh, chini ya ardhi, peke yake na marundo ya maranda. "Mtazameni, mwekundu kama komamanga!" wanawake walimtania wakimletea vyungu vya nyama avizike kwenye majivu ya moto viive. Mahjuba, mkewe, alijivunia wekundu ule.

Majira yale ya baridi beleshi lilianza kumkataa. Alilijaza, akalinyanyua hadi kiunoni, mikono ikatetemeka na kuachia. Kichwa kilimgonga mchana kutwa. Hakumwambia mtu. Mchochea moto asiyeweza beleshi, nani atamweka kazini?

Siku alipoangusha chungu cha jirani, Mahjuba alimkokota hadi zahanati.

"Kijicho hicho, binti yangu," alimwambia Zubida, muuguzi. "Wamemsifu mno."

Zubida alimtoa damu, akaenda kuipima, akarudi amekunja uso. Akaingiza vidole vya mkono mmoja kati ya vidole vya mwingine.

"Ba Ayyad, nyuzi za misuli ya mikono yako zimepangana hivi. Ukinyanyua kitu, zinateleza na kuingiana. Kazi hiyo inataka hewa safi, na hewa inabebwa na damu. Damu yako imebeba moshi."

"Moshi nauona, binti. Unatoka juu kupitia bomba."

"Huu hauonekani. Umekalia kiti cha hewa ndani ya damu na haubanduki. Huko chini hakuna tundu la upepo?"

Ayyad alitazama viatu vyake. "Lipo. Nililiziba kwa kitambaa mvua zilipoanza. Upepo ulikuwa unaniibia joto."

Mahjuba alijipiga kifua. "Na mimi nikikifua kila Ijumaa ukikileta kimejaa masizi!"

Walimvutisha hewa ya mtungi, wakamwambia apumzike. Siku ya nne alirudi kazini, akakichomoa kitambaa. Baridi ya kichochoroni ikamwingia kifuani, kali, tamu. Haikupita saa, wanawake waliokuwa wakioga huko juu wakagonga ndoo.

"Ayyad! Maji vuguvugu haya, ya kuogeshea mtoto mchanga!"

Kisha sauti ya mwenye hamamu, toka ngazini: "Kama umezeeka, sema, nitafute mwingine."

Ayyad alikikunjua kitambaa. Kilinukia sabuni ya Mahjuba. Alikisogeza hadi kwenye tundu, kisha akageuka na kukitupa motoni.

Akachota maranda, nusu beleshi. Mikono ilitetemeka kiunoni, ikatetemeka kifuani, lakini maranda yakafika kwenye moto.

"Sijazeeka," alijibu, ingawa ngazini hapakuwa tena na mtu. Akachota nusu nyingine.