Mabati ya Watoto

Gati Heche hakuwa mwalimu. Alikuwa mke mdogo wa mfugaji, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa kwao walitolewa kwenye maboma yao ya vilimani wakapangwa kwa mistari bondeni, si mbali na Nyamwaga. Wanawake wakaambiwa kwamba asubuhi zao sasa ni za shamba la kijiji. Watoto watabaki na nani? Hakuna aliyeuliza. Wachanga walikwenda mgongoni. Waliokwisha kutembea walifungiwa ndani, au waliachwa uani na kuku.

Gati ndiye aliyesimama mkutanoni. "Waleteni kwangu," alisema.

Kina mama wakakandika kijumba cha udongo, wakakiezeka nyasi, na kila mmoja akatoa ulezi wa uji. Gati aliwafundisha watoto kuhesabu kwa kokoto, na kuimba kwa Kiswahili ambacho yeye mwenyewe alikuwa bado anakiokoteza. Kijiji hakikumpa kitu, ila alihesabiwa kuwa amelima kama wenzake.

Mwaka wa pili akaja bibi maendeleo wa wilaya. Alitazama nyasi zilizooza, akatikisa kichwa. "Serikali inataka kila kijiji kiwe na chekechea," alisema. "Nitawaombea mabati." Na kweli alikuwa mtu wa neno lake. Kabla ya masika gari lilifika, mabati yakashushwa yakimetameta, na dereva akatamka mbele ya watu wote: "Haya ni ya watoto."

Wiki haikwisha, mabati yakawa juu ya ofisi ya kijiji.

Gati alimfuata mwenyekiti, Werema, aliyekuwa wa ukoo wa mumewe.

"Shemeji, mabati ya watoto yako wapi?"

"Ofisi ndiyo kichwa cha kijiji, Gati. Wageni wakija tuwapokee kwenye matope? Watoto wana nyasi zao. Hata sisi tulikulia chini ya nyasi."

"Sisi tulikulia mikononi mwa mama zetu. Hawa, mama zao mmewachukua nyinyi."

"Vumilia. Mengine yatakuja."

Hayakuja. Gati alipokwenda wilayani kwa miguu, karani alimjibu bila kumkaribisha kiti: kijiji chenu kilikwisha kupewa, mama, waachieni na wengine.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Maji yalipenya kwenye nyasi yakateremka ndani ya ukuta, na udongo ukalainika kama ugali usioiva. Asubuhi moja Gati alisikia ukuta ukipasuka. Akapiga ukelele, akawasukuma watoto nje, akarudi kuwafuata waliokuwa wamelala pembeni. Alitoka na wawili. Wa tatu, Robi, binti wa Agustina, aliangukiwa na ukuta. Mama yake walimwita kutoka shambani, jembe bado mkononi. Alikuwa akipalilia mahindi ya kijiji.

Kwenye mazishi Werema alisimama kusema. "Ndugu wananchi, tumempoteza mtoto wetu kwa uzembe wa mlezi. Chama kitachukua hatua."

Gati alipiga hatua mbele. Mke mwenzake, Boke, akamkamata mkono. Angejibu, lakini Agustina alimtangulia. Alikuwa ameketi chini, udongo wa kaburi miguuni.

"Werema," alisema, hata neno mwenyekiti hakulitaja, "huyu alimrudia mwanangu ndani ya nyumba inayoanguka. Wewe ulikuwa umekaa chini ya bati lake."

Siku ya shamba ilipofika, kina mama hawakwenda kwanza shambani. Walikwenda ofisini na watoto wote, Gati mbele, sufuria ya uji kichwani. Werema alikuwa mezani na katibu wake, Filemoni.

"Nini hiki?" akafoka.

"Watoto wamefika chini ya mabati yao," Gati alisema. Akatua sufuria juu ya meza. "Mama zao wanakwenda kulima, kama mlivyoagiza. Mimi mmesema ni mzembe. Basi leeni nyinyi."

Wakaondoka, na Gati pamoja nao, na hakuna aliyegeuka nyuma kilio kilipoanza. Hadi adhuhuri uji ulikuwa umemwagikia bendera iliyokunjwa mezani, watoto wamekojoa kila pembe, na Filemoni anakimbilia shambani kuwaomba warudi. "Dada zangu, mmoja anakula wino!"

"Mnyang'anye," Boke alimjibu, akaendelea kupalilia.

Walifanya hivyo tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Mwishowe Werema alihamisha meza yake barazani, na watoto wakabaki ndani. Hakuomba radhi.

Baada ya mavuno wilaya ilileta msichana aliyesomea ulezi, mwenye mshahara. Gati aliambiwa anaweza kubaki kufagia. Alimtazama mjumbe wa wilaya, akachukua sufuria yake, akaenda kwake. Msichana hakuwa na kosa, na watoto walimpenda. Hilo Gati alilikubali. Alichokataa maisha yake yote ni kusema kwamba mambo ya Robi na mabati yalikwisha.

Werema alipandishwa cheo, akapelekwa katani. Siku ya kumuaga watu walipiga makofi. Gati na Agustina walikaa mstari wa mbele kabisa, wakimkazia macho, mikono imelala mapajani.