Chuma Kilichopaisha Mpira

Kaka yangu ndiye aliyenifunza kwamba mpira wa gofu haupai kwa sababu ya nguvu. Mimi ni mfua chuma, na mchezo ule sikuwa na haja nao. Wazungu walipoanza kuucheza kando ya mnara wa taa, niliwaona ni watu wazima waliokosa la kufanya, na nikasema hivyo. Kaka alicheka. Yeye alikuwa akiwabebea mifuko ya fimbo, na kati ya wabebaji wote wa pale kiwanjani hapakuwa na mwenye macho kama yake. Mpira mweupe, mdogo kama ndimu, ukipigwa kuelekea jua, wenzake waliinamisha vichwa. Yeye aliufuata kwa macho mpaka ulipoanguka, akaenda moja kwa moja akausimamia.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza aliyoipenda. Yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa hivyo kiwanda cha baba, katika kichochoro cha nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, kilikuwa haki yake. Lakini hakuwa na mkono wa kazi ile. Visu vyake vilikuwa vikipasuka majini alipovizamisha vikiwa vya moto, kimoja baada ya kingine, na baba, mtu wa ulimi mkali, alimwambia mbele ya wateja kwamba hafai hata kuvuta mivukuto ya kupulizia moto. Kaka akaondoka. Alipakua magunia bandarini Kilindini, akakata mawe Kibarani, akarudi amekonda na mgongo umeanza kupinda. Baba alipofariki, nyundo zikawa zangu mimi mdogo. Kaka hakulalamika hata siku moja. Akipita alinisalimia akiwa mlangoni, akauliza hali ya watoto, akaenda zake, na kila mara nilibaki na aibu isiyo na pa kuiweka.

Basi siku alipoingia ndani, akiwa ameshika kitu kilichofungwa kwa kitambaa, moyo wangu uliruka kwa furaha. Kaka yangu alikuwa na haja nami.

Ndani ya kitambaa mlikuwa na fimbo ya gofu yenye kichwa cha chuma. Mwenyewe alikuwa bwana mmoja mnene wa ofisi za meli, ambaye watu wawili walimsukuma kwa troli, kile kigari cha kwenye reli, mpaka kiwanjani kila jioni. Bwana huyo alikuwa na shida moja: kila akipiga kwa chuma, mpira ulikwenda juu badala ya kwenda mbele, upepo wa kusi ukaudaka huko huko juu na kuurudisha nyuma, au kuutupa baharini. Alikuwa ameanza kumlaumu kaka. Mara kaka amempa fimbo isiyofaa, mara amesimama vibaya na kumtia kivuli. Siku ile alikuwa amemwambia kwamba mambo yakiendelea hivyo, atatafuta mbebaji mwingine.

Nilimuuliza kama chuma kina kasoro. Kaka aliokota kaa moja, akaliweka sakafuni, akachukua ufito akasimama juu yake kama asimamavyo bwana wake. Kaa liko mbele mno, karibu na mguu wa kushoto. Uzito wote umelalia mguu wa kulia. Mikono imebaki nyuma, kama mtu anayetaka kuteka maji.

“Yuwataka kuuinua kwa mikono yake,” alisema. “Na chuma kimeumbwa kiuinue chenyewe. Kazi yake yeye ni kupiga kwenda tini.”

Kisha akalisogeza kaa nyuma kidogo, akaegemea mguu wa kushoto, akatanguliza mikono, akapiga kwa kushuka, akauzuia ufito usipande baadaye. Kaa likapita chini chini, likagonga mlango na kupasuka. Nikamuuliza kwa nini hamwelezi bwana wake hivyo hivyo. Alinitazama kwa huruma. Alikwisha kumweleza mara moja, kwa adabu zote, na bwana hakusema naye siku mbili. Kwa hiyo alikuwa amepata njia nyingine. Uso wa chuma kile ulilala nyuma. Kama ningeusimamisha kidogo tu, upana wa ukucha, mpira ungeshuka, na bwana angedhani ameshika mchezo kwa akili zake.

Alipofika mlangoni aligeuka.

“Kipashe moto, ukipinde, ukiwate kipoe chenyewe. Usikitie maji, ndugu yangu. Hiki si kisu.”

Nilimwitikia, lakini moyoni nilicheka. Nani alikuwa akinifundisha kazi? Yule yule wa visu vilivyopasuka. Katika nyumba yetu, tangu babu, hapakutoka chuma mlangoni bila kuzamishwa majini kikiwa chekundu. Hivyo ndivyo kilivyokuwa kigumu, na ugumu ndio uliokuwa jina letu mjini. Kumpa mtu chuma kilichopoa chenyewe ilikuwa kama kumpa wali mbichi. Na zaidi ya hayo nilitaka kaka apate kitu bora kuliko alichoomba. Nataka niseme kweli hapa: nilitaka aone kazi ya mikono yangu.

Nikang'oa msumari, nikauvua mpini wa mti, nikaitia shingo ya chuma motoni mpaka ikaiva, nikaibana kwa jiriwa na kuipinda kiasi alichosema. Kisha nikairudisha motoni, nikaizamisha. Katika ule mchemko wa maji nilisikia mlio mdogo, kama ukucha unaokatika. Nilipoitoa nikaigeuza penye mwanga, nikaona mstari mwembamba kuliko unywele. Nikajiambia ni alama ya tupa. Nikaupitishia tupa yenyewe, nikasugua kwa majivu mpaka mstari ukapotea.

Wiki mbili zilizofuata sizisahau. Kila jioni kaka alipita kiwandani, akaingia, akakaa juu ya gogo, akanisimulia. Leo bwana amepiga mara tatu chini ya upepo. Leo ameufikisha karibu na kishimo, akavua kofia yake mwenyewe na kujipongeza. Bwana alikuwa akiwaeleza wenzake kwamba siri ni kutuliza kichwa, na kaka alipoigiza maneno yale tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mwisho wa wiki ya kwanza alikileta tena chuma, akaniomba nikisimamishe kidogo zaidi, kwa kuwa upepo ulikuwa umezidi. Nilikipinda bila moto, mara moja, akakichukua. Mama naye alikuwa ameanza kutaja mabinti wa watu wa kumposea kaka.

Siku ajali ilipotokea, mpira ulikuwa umelala penye majani machache juu ya mwamba. Wabebaji waliokuwepo ndio walionieleza. Walisema bwana alipiga vizuri, kwa kushuka, kama kaka alivyotaka siku zote. Chuma kiligonga mwamba, kikakatika shingoni, na kichwa kikaruka hadi pale anaposimama mbebaji. Kikampiga kaka kwenye jicho la kulia. Walimrudisha mjini kwa ile troli ya bwana, na watu wa Ndia Kuu wakasimama milangoni kumtazama.

Bwana alikuja kumjulia hali mara moja tu, kofia mkononi. Kaka alimwambia kwamba fimbo iliwahi kumponyoka ikaanguka juu ya mawe, bila shaka ndipo ilipoharibika. Hakutaja kiwanda changu. Wiki iliyofuata bwana akawa na mbebaji mwingine. Jicho lile likaisha kabisa, na baada ya miezi michache la pili nalo likaanza kuingia ukungu. Tabibu alisema hutokea hivyo, jicho zima kumfuata mwenzake. Kaka yangu akawa kipofu.

Siku ya tatu baada ya ajali, akiwa bado amefungwa kitambaa usoni, aliniuliza.

“Ulikitia maji?”

“La, kaka,” nikamjibu. Sikungoja hata apumue.

Akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo akaanza kutafuta kosa, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimejitoa, alilipata kwake. Ni ule mpindo wa pili, alisema. Mpindo wa kwanza ulitosha. Yeye ndiye aliyeingiwa na tamaa.

Aliishi nasi miaka minne. Nilimpeleka msikitini na kumrudisha, mke wangu akampakulia mwanzo kabla ya watoto. Asubuhi alikaa kiwandani akinivutia mivukuto, na aliivuta vyema, pumzi sawasawa, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweka. Mara nyingine mikono yake ilisimama, akasema, kama anajisemea, kwamba laiti asingerudi na chuma kile. Nami nikagonga nyundo kwa nguvu zaidi. Mara ngapi nilifungua kinywa nimwambie kweli, sijui. Mteja akaingia, au muadhini akaadhini, au nilimtazama tu nikashindwa. Watu watasema niliogopa lawama. Kaka hakuwa mtu wa lawama. Nilikuwa na kaka aliyekaa ndani ya kiwanda changu, baada ya miaka yote ile ya kunisalimia mlangoni, na niliogopa atainuka aende. Sina sababu nyingine, na hii nayo ni mbaya.

Homa ilimshika wakati wa mvua za masika. Siku ya sita, alasiri, aliomba wengine watoke, akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

“Ndugu yangu, niwia radhi,” alisema. “Kazi yako ilikuwa njema. Mimi ndimi niliyekwambia uongeze, nikaiharibu, kisha nikawa mzigo kwako miaka yote hii.”

Nilikuwa na nafasi. Mlango umefungwa, mama yuko uani, sisi wawili tu. Maneno yenyewe hayakuzidi matatu: nilikitia maji, kaka. Nilimtazama usoni, penye yale macho yaliyokuwa yakiufuata mpira ndani ya jua. Alikuwa akingoja, ameinua kichwa kidogo kwenye mto ili asikie vizuri.

“Nimekuwia radhi, kaka,” nikamwambia.

Akanishukuru.