Ndambuki na Matoka ya Shosho Gathoni

Nimewajua waoga wengi, lakini bingwa wao ni Ndambuki. Na mimi najua kupima woga wa mtu, kwa sababu mwenyewe siogopi kitu. Uliza mtu yeyote Ruiru.

Ndambuki ana nasari ya miche kando ya barabara ya kwenda Murera. Ni mtu mrefu, mikono yake mipana kama sepetu, na anaogopa mbwa, radi, askari wa kaunti, na kuku akiwa na vifaranga. Akipita mbele ya kanisa anavua kofia. Akipita mbele ya msikiti anaivua pia, hataki kukosana na mtu.

Kazi yake ni kuficha majengo. Usicheke. Siku hizi ukitaka kujenga dude kubwa katikati ya mashamba ya watu, unaulizwa kwanza: majirani wataona nini wakifungua mlango asubuhi? Basi kontrakta anapewa masharti. Paka paa rangi isiyong'aa. Elekeza taa chini. Rundika udongo uwe tuta refu, halafu panda miti juu yake. Wa kupanda ndiye Ndambuki. Kuna kwari, machimbo ya mawe, upande wa Kalimoni aliyoificha kwa mianzi mpaka mwenyewe akawa anapotea akienda kazini. Hapo nimeongeza chumvi, lakini si nyingi.

Mwaka huu akapata kazi ya godauni la Murera, la mabati, refu kama ghorofa tatu. Limesimama kati ya Shosho Gathoni na mlima wa Kilimambogo. Shosho, nyanya wa kila mtu hapo, ni mjane, na tangu aolewe alikuwa akisimama mlangoni mwa jikoni na kikombe chake cha uji, akitazama ule mlima. Siku ya mkutano wa majirani alisimama na fimbo yake akasema, "Mlima mmeshachukua. Sasa mnataka niangalie mabati mpaka nife?" Injinia Muna, msichana anayesimamia mambo ya mazingira pale saiti, aliandika maneno hayo neno kwa neno. Ndiyo Ndambuki akaitwa.

Nami nikaenda kumsaidia, kwa sababu nina ujuzi, na pia nina wilbaro.

Pale tuta lilipotakiwa kuanzia kulikuwa na mstari wa mimea yenye majani mapana na maua meupe yenye wekundu. Tingatinga lilikuwa linakuja nyuma yetu likinguruma. Ndambuki akaishika mimea ile kama mtu ameokota mtoto.

"Kaka, hii itafukiwa," akasema. "Ni dhambi."

Tukaing'oa yote, mashina ishirini na saba, tukaipeleka kwa wilbaro mpaka kwenye geti la saiti. Akaipanda kwa mstari mzuri, akazungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Injinia Muna akapiga picha. Mimi nikasimama katikati ya picha.

Shosho mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Thika kwa binti yake Tabby, akitibiwa macho.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, Injinia Muna akaja na ramani yake. "Jumatatu tunachimba msingi wa ukuta wa kuzungushia godauni," akasema. "Bikoni za mpaka, yale mawe ya mpimaji, zimefunikwa na udongo, kwa hivyo tutafuata mguu wa tuta. Hapo ndipo mpaka, sivyo?"

Kabla Ndambuki hajajibu tulisikia mwiko umeanguka. Alikuwa Waithira, mama anayetuuzia chapati na maharagwe. Alikuwa anaangalia maua ya geti kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

"Ngai! Nani ameng'oa matoka ya Shosho?"

"Matoka ni nini?" akauliza Ndambuki. Yeye ni Mkamba wa Machakos.

"Ni mpaka, wewe! Wazee wetu hawakuwa na bikoni. Walisimama watu wa pande zote mbili, wakapanda itoka hapa, itoka pale, wakakubaliana. Anayeyang'oa anaiba shamba, na laana yake haimwachi."

Ndambuki akawa na rangi ya jivu. Sasa utaniuliza, na wewe Mkikuyu mzima hukuyajua? Mimi ni Mkikuyu wa mjini, wa Githurai 45. Mpaka ninaoujua mimi ni ukuta wenye chupa zilizovunjwa juu.

Badala ya kumtuliza, shetani akanisukuma. Nikamwambia, "Kuna mmoja hapo Kalimoni alihamisha matoka. Ulimi wake uligeuka mweusi kabla ya siku ya kumi na tano." Nilitunga palepale. Ndambuki akakimbilia kioo cha pikipiki iliyokuwa imeegeshwa, akatoa ulimi, akaugeuza huku na huku. Nikacheka mpaka nikashika nguzo ya geti.

"Na wewe unacheka nini?" akasema Waithira. "Wilbaro si ilikuwa yako?"

Kicheko kilikatika. Nikaisukuma wilbaro nyuma ya pikipiki. Tuseme ilikuwa inaziba njia.

Ndambuki alienda kwenye mguu wa tuta, akatembea, akarudi, akatembea. Udongo ulikuwa umeteremka mpaka ndani ya sukuma wiki za Shosho. Ukuta ukifuata hapo, mama mzee angekuwa ameibiwa shamba, na mwizi angekuwa yeye.

"Tuyarudishe tu hapa karibu," nikamnong'oneza. "Nani atajua?"

"Karibu wapi? Nikikosea huku nimemwibia mjane. Nikikosea kule nimemwibia tajiri." Jasho lilikuwa linamtiririka, na hakukuwa na jua. "Na Mukonyo nitamwambia nini? Ataniuliza kwa nini silali."

Mukonyo ni mkewe. Naye pia anamwogopa, tena si kidogo.

Injinia Muna alisikiliza yote bila kumgombeza. "Tingatinga linaanza Jumatatu asubuhi," akasema. "Nionyeshe mpaka kabla ya hapo, nitausogeza ukuta. Usiponionyesha, sina la kufuata ila tuta."

Aliyejua mpaka ni Shosho peke yake, na Shosho angerudi Jumapili.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda. Njiani Ndambuki alisimama mara tatu. Mara ya tatu akakumbatia mti, akakataa kuuachia. Nilimvuta, lakini ukweli ni kwamba tulikuwa tunashikiliana. Shosho alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni, amevaa miwani nyeusi ya hospitali.

"Shosho," akaanza, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtoto. "Ni mimi nimeng'oa matoka yako. Sikujua. Nilidhani ni maua."

Shosho akavua miwani. Akaliangalia lile tuta toka mwanzo hadi mwisho.

"Daktari ananifungua macho," akasema, "na kitu cha kwanza ninachoona ni hiki." Akaninyooshea fimbo. "Na huyu?"

"Mimi ni wa wilbaro tu, Shosho."

"Wilbaro haina mikono."

Akainuka. Akasimama juu ya jiwe lake la kusagia, akanyoosha fimbo kuelekea kwenye tuta, akafumba jicho moja. "Baba mkwe wangu alipanda la kwanza siku nilipoletwa hapa. Chimba hapo. Itoka haling'oki lote."

Ndambuki akachimba. Alichimba tuta lake mwenyewe, lile alilolipandia miti ya mikima kwa mikono yake, akitupa udongo nyuma yake. Chini kabisa jembe likagusa kitu laini. Akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Kilikuwa kipande cheupe cha shina la itoka, mfano wa kitunguu, kikiwa na chipukizi la manjano lililopinda likitafuta mwanga. Hatua tano mbele, kingine. Mimi sikuvigusa. Mgongo wangu una historia.

Mpaka ulikuwa hatua mbili ndani ya tuta.

Jumatatu Injinia Muna akasogeza vigingi, na tuta likarudishwa nyuma. Likawa fupi upande ule, na mabati yakachomoza juu yake, yanamtazama Shosho jikoni kwake. Ndambuki akaongeza mianzi, lakini mianzi inataka muda. Matoka akayarudisha yote ishirini na saba kwenye mstari wake, Shosho akisimama hapo na fimbo.

Alipomaliza akauliza, huku akiangalia chini, "Na laana, Shosho?"

"Sijui, kijana wangu. Waliojua wamekufa. Yakichipua yote, ni sawa. Yasipochipua, rudi tuongee."

Hakucheka. Ningetoa wilbaro yangu acheke.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kufungua nasari, Ndambuki anapita pale anayahesabu. Yamechipua ishirini na sita. La mwisho, lile la kona, bado. Analimwagilia maji, anatoa ulimi kwenye kioo cha pikipiki yoyote iliyo karibu, ndipo anaenda kazini.

Nimemwambia awe mwanaume kama mimi. Mimi jana nilipita tu pale kwa bahati, na kwa bahati nilikuwa na ndoo ya maji.