Nyumba ya Kaleli Kwenye Ramani

Kaleli alikuwa na kazi ya kuuliza watu maswali, na hakuna kati yetu aliyeipenda kama yeye. Tulizunguka pamoja Thika na Ruiru, mlango kwa mlango, tukiuliza watu wanapikia nini, maji wanatoa wapi, nani mgonjwa. Mimi nilikuwa nikimaliza nyumba mbili yeye bado ameketi kwenye ya kwanza, maana hakujua kukataa chai. Siku za jua kali nilimchukia kwa hilo, na nilimwambia.

Alikuwa mjane. Mkewe, Rachael, alifariki miaka mitatu iliyopita, na binti yao wa pekee, Nzisa, akaolewa Kisumu. Kaleli akabaki Kimbo katika nyumba ileile ya kupanga, leso za mkewe bado zimetundikwa nyuma ya mlango. Aliniambia kwamba kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi hapakuwa na mtu wa kumwita jina. Alisema hivyo bila kulalamika, kama anayekueleza anakaa ploti gani.

Mwezi wa pili tukaitwa Thika kufundishwa fomu mpya. Mfumo wa mtandaoni tunaotumia kutengeneza fomu ulikuwa umeboreshwa, na msimamizi wetu, Carolyne, msichana wa rika la Nzisa, alifurahi kama mtu aliyejengewa jiko jipya. Zamani fomu iliingizwa kwenye simu moja moja kwa waya. Sasa alituma linki kwenye grupu na kila mtu akawa nayo kabla hajamaliza mandazi. Zamani tulipeleka majibu ofisini. Sasa fomu ikikamilika inajituma yenyewe, na nyumba inatokea kama nukta kwenye ramani ya Carolyne. Tena fomu imejua kuruka: ukijibu kwamba hakuna mtoto, maswali ya watoto huyaoni kabisa.

Baada ya chakula cha mchana mimi nilisinzia. Hapo ndipo, kama nilivyokuja kusikia kwa wenzangu, tulipoambiwa kwamba anayetaka kujaribu fomu abonyeze kwanza kitufe cha majaribio. Kaleli alikuwa ametoka kupokea simu ya Nzisa, na tukirudi Ruiru aliniuliza kama amepitwa na lolote. Nikamjibu kwamba hakuna, ni fomu ileile imepakwa rangi tu.

Sisi wahoji tuna desturi. Kabla ya kwenda kwa watu unajihoji mwenyewe, nyumba yako, ili ulimi uzoee maswali, kisha unafuta. Jioni ile Kaleli aliketi mezani akajihoji kwa sauti. Wanaokula sufuria moja ni wangapi? Watatu. Akaandika jina lake, la Rachael na la Nzisa. Nani hupika? Rachael. Nani huchota maji? Nzisa, akitoka shule. Tangu afiwe alifanya hivyo kila fomu mpya ilipokuja, na kwa dakika arobaini nyumba ilikuwa na watu. Safari hii alipotaka kufuta, hakupata cha kufuta. Fomu ilikuwa imejituma.

Kwetu kuna kosa moja lisilo na msamaha, nalo ni kupika data, yaani kukaa hotelini na kubuni nyumba ambayo haipo. Ukishikwa, kazi imekwisha, na mashirika mengine yote yatasikia. Ndiyo maana msimamizi hurudia nyumba chache mwenyewe, na siku hizi mfumo ndio unaomchagulia. Jumamosi ukamchagulia nukta moja ya Kimbo. Carolyne hakuijua Kimbo, akanipitia nimwonyeshe njia. Majina hayaonekani mpaka fomu ifunguliwe mlangoni, lakini mimi nilipoliona geti la buluu nilijua ni kwa Kaleli.

Kaleli mwenyewe ndiye aliyefungua. Carolyne alishangaa, akaitazama tableti yake, akamwangalia tena.

"Mzee, hapa inasema naongea na Rachael pia," alisema. "Ako?"

Kaleli alinitazama mimi, wala hakunilaumu. Nikaeleza haraka habari za usingizi wangu, na kitufe, na kile nilichomwambia njiani. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya msichana mdogo namna ile. Carolyne alisikiliza, kisha akasema kwamba nyumba ikishatumwa haifutiki. Inaweza tu kurekebishwa, na lazima mwenye nyumba ajibu upya, vile mambo yalivyo kweli. Ikibaki hivyo ilivyo, mfumo utasoma kwamba imepikwa.

"Madam, usinitoe kwa hii kazi," Kaleli alimwambia. "Nikitoka nitaongea na nani?"

Carolyne alimpa tableti arekebishe mwenyewe, kwa kuwa hilo hangeweza kumfanyia. Ukimwondoa mtu kwenye orodha, mfumo unataka sababu, na sababu ziko mbili: amehama au amefariki. Nzisa alimwondoa upesi. Kwa Rachael kidole kilikaa juu ya kioo hadi mwanga ukazimika, Carolyne akauwasha, ukazimika tena. Mara ya tatu alibonyeza.

Orodha ikabaki na jina moja. Carolyne akachukua tableti na kuanza kuuliza, na fomu ikafanya kile ilichoboreshwa kufanya. Iliruka watoto, ikaruka wanawake, ikaruka nani humsaidia nani. Baada ya dakika nne ikaandika kwamba imekamilika.

"Na yale maswali mengine?" Kaleli aliuliza.

"Imeruka, mzee. Ni vile uko peke yako."

Alisema hivyo polepole, na nafikiri alitamani asingekuwa yeye aliyeitengeneza fomu ile. Kazi ya Kaleli ilikuwa imepona. Alitushukuru, akatuuliza kama tungekunywa chai, lakini Carolyne alikuwa bado na nyumba tano, tukaondoka. Nilipogeuka getini alikuwa angali amesimama mlangoni, na leso zinaonekana nyuma yake.

Jumatatu tulikuwa Mwiki. Mlango wa kwanza wa Kaleli ulikuwa wa mama mmoja mzee aitwaye Mukonyo, anayeishi peke yake. Nilisubiri nje, na baada ya dakika nne nikasikia mlio wa fomu kujituma. Nilifurahi, nikajua leo tutamaliza mapema. Lakini Kaleli aliitia simu mfukoni na hakuinuka.

"Mama, na zamani mlikuwa wangapi hapa?"

Yule mama akavuta kiti chake karibu na kuanza kuwataja, mmoja mmoja. Kaleli hakuandika lolote. Mimi nikatafuta jiwe pale nje, nikaketi kumngoja.