Mafurungu ya Siti

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa na tano. Hapana, nimejichanganya: wa tano ndio vita vya Maji Maji vilipoanza na Kondo akauza mpunga wake. Njaa yenyewe ilikuja wa sita.

Kondo alikuwa mkulima wa Umwe, mtu wa kuiogopa kesho. Aliposikia kwamba huko milimani kwa Wamatumbi watu wameng'oa pamba ya Serikali, na kwamba askari wanakuja wakichoma maghala, aliuza mpunga wote, hata wa mbegu, akaenda Bungu kwa sonara kununua fedha. Sonara akaifua ikawa mafurungu mawili mazito ya miguuni, akayagonga yakambana sawasawa binti wa Kondo, Siti. Desturi ilikuwa hayavuliwi mpaka siku ya ndoa, tena kwa nyundo.

"Baba Siti," mkewe Mwanabibi akamcheka, "njaa ikibisha hodi utayatwanga kwenye kinu?"

"Ghala lina miguu, mke wangu? Mtoto atakimbia na mali yake."

Kweli askari walikuja, wakateketeza maghala ya Umwe yote, la Kondo likiwa tupu. Akajiona mjanja. Kisha mpunga ukakosekana kwa mwenye fedha na asiye nayo. Wakachimba ming'oko, viazi vya porini, nayo ikaisha. Siti akakonda. Asubuhi moja aliinuka, mafurungu yakachopoka yenyewe, yakabaki mkekani.

Kondo aliyafunga nguoni akashuka hadi Kiongoroni, kwa wakata mikoko, alikosikia mashua imeleta mchele. Mchuuzi mmoja, Haruni, akamfunulia kapu lililojaa mafurungu.

"Tazama, mzee wangu. Kila anayekuja ananiletea haya haya. Nimekuwa bibi harusi mimi?"

"Mwanangu anakufa, bwana."

Haruni akaacha kucheka. "Lete. Kibaba kimoja, na hapo nimekuonea huruma."

Kondo alirudi bila kulala njiani. Mwanabibi akaupokea mchele mlangoni, akauweka chini, akaketi kando yake. Nyuma ya nyumba udongo ulikuwa bado mbichi.

Waliishi pamoja mpaka uzeeni, wakajaliwa watoto wengine. Lakini kila mpunga mpya ulipoingia ndani, Kondo alimgeukia mkewe, naye mkewe akazidi kupepeta, kichwa chini.

"Mwanabibi, Siti aliniulizia?"